Mashine ya hatimkato, simu au mpwa: nani amwandikie mama wa Mwaloni kikaoni?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama tunaouza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Masikio yangu yaliharibika nikiwa mtu mzima na sasa sisikii kabisa, hata mtu akipiga kelele. Lugha ya alama sijui, lakini kusoma nasoma vizuri. Kikaoni jirani yangu huniandikia kwenye daftari, akichoka ananiambia "nitakueleza baadaye". Juzi mwanangu alinionyesha video ya mkutano wa nje: mtu ameketi na kimashine kidogo, anabonyeza, na maneno yanatokea kwenye skrini wakati watu bado wanaongea. Nina mpwa wangu aliyesomea uhazili, hatimkato, yaani maandishi ya mkato ya kumfuata msemaji, anaijua. Je, mashine ile inaandika Kiswahili? Anaweza kujifunza? Au simu hizi zinazoandika sauti zinatosha?

JIBU: Mama, shikamoo. Umeuliza mambo matatu na yote nitayajibu, ila nianze na la mpwa wako: ndiyo, anaweza kukuandikia kikao chenu baada ya miezi michache ya mazoezi, lakini si kwa mashine ile. Aanze na kompyuta mpakato ya kawaida. Mashine ije baadaye, na ikija itadai kazi kubwa ambayo kwa Kiswahili lazima mtu aketi aifanye kwanza. Nikueleze inavyofanya kazi, maana ukiielewa utajua pia cha kumdai mpwa wako.

Kimashine ulichokiona kina vitufe 22 tu, na hakiandiki herufi moja moja. Mwandishi hubonyeza vitufe kadhaa kwa mpigo, na kila mbonyezo hutoa silabi nzima au hata neno zima. Mkono wa kushoto una konsonanti za kuanzia silabi, vidole gumba vina irabu, mkono wa kulia una konsonanti za kumalizia. Herufi nyingi hazina kitufe chake, hupatikana kwa kuunganisha: upande wa kushoto, P na H kwa pamoja ni M, T na K ni D, P na W ni B. Kwa hiyo "mama" ni mibonyezo miwili: P, H na A kwa mpigo, halafu P, H na A tena. Irabu zina vitufe vinne, A, O, E na U, na I hupatikana kwa kubonyeza E na U pamoja. Ukizihesabu ni tano, zile zile za Kiswahili.

Anayegeuza mibonyezo hiyo kuwa maandishi ni kompyuta, na hufanya hivyo kwa kutazama kamusi, yaani faili refu ambamo kila mbonyezo umeandikiwa neno lake. Kamusi hiyo ndiyo mali yenyewe. Mashine bila kamusi ni vitufe tu. Na kamusi zinazokuja na mashine hizi ni za Kiingereza na lugha nyingine za huko zinakotengenezwa. Mpwa wako akiletewa mashine leo, hata ya bei kubwa kiasi gani, atakaa nayo mezani na Kiswahili hakimo ndani.

Kuna mtu mmoja katika historia ya kazi hii ambaye ningependa umjue, kwa sababu alikuwa katika hali yako. Jack Ashley alikuwa mbunge Uingereza, akapoteza usikivu wote mwishoni mwa miaka ya 1960, tayari mtu mzima, mwenye kazi ya kukaa vikaoni kutwa. Katika miaka ya 1970 mhandisi Alan Newell, akiwa Chuo Kikuu cha Southampton, alishughulikia kuunganisha mashine ya hatimkato iitwayo Palantype na kompyuta, ili mbunge huyo asome kwenye skrini yaliyokuwa yakisemwa bungeni. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, kamusi haikutosha, na neno ambalo kompyuta haikulijua lilitokea kama lilivyosikika, si kama linavyoandikwa. Kwa Kiingereza hilo ni tatizo kubwa, maana tahajia yao na matamshi yao ni vitu viwili tofauti. Ashley alilazimika kuyasoma maneno hayo kwa kukisia sauti.

Sasa fikiria Kiswahili. Neno likitokea kama lilivyosikika, tayari limeandikwa sawasawa. "Sangara" ikisikika inaandikwa hivyo hivyo. Kilichokuwa kasoro kwa mbunge yule, kwetu kingekuwa maandishi sahihi. Ndiyo maana naamini kabisa kwamba lugha yetu inaifaa mashine hii, pengine kuliko Kiingereza kinavyoifaa, na inaniuma kuona kazi hii haijapewa nafasi.

Lakini kuna mlima. Chukua sentensi ya kikaoni kwenu: "Wavuvi hawajalipwa fedha zao za wiki iliyopita." Ni maneno 7, silabi 20. Kwa Kiingereza wazo hilo hilo linaweza kusemwa kwa maneno 11 yenye silabi 14. Kwa hiyo ukisikia kwamba waandishi wa mahakama Marekani hutahiniwa kwa maneno 225 kwa dakika, kwa usahihi wa asilimia 95, usilinganishe na maneno 225 ya Kiswahili. Neno letu moja ni mzigo wa maneno mawili au matatu ya kwao. Mpwa wako pia ajue hili, kwa sababu matangazo ya kazi za katibu mahsusi hapa nchini yamezoea kudai hatimkato ya maneno 100 kwa dakika, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kana kwamba mia ya huku na mia ya kule ni sawa.

Tukiandika silabi kwa silabi, sentensi ile itataka mibonyezo 20, na mkono wa kulia utakaa bure, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu na hazina konsonanti ya kufunga. Hapo ndipo mfumo wa Kiingereza unapotukataa. Inabidi vitufe vipangwe upya kwa kufuata kitenzi cha Kiswahili, na kitenzi chetu kina mpangilio mzuri sana. Tazama "walituambia": kwanza nani (wa), halafu lini (li), halafu nani katendewa (tu), ndipo kitendo. Mimi ningempa mkono wa kushoto kiambishi cha mtenda, vidole gumba wakati, yaani na, li, me, ta, na mkono wa kulia mtendwa. Kwa mbonyezo mmoja unapata "walitu", kwa mbonyezo wa pili "ambia". Neno la herufi 11 limekwisha kwa mibonyezo miwili. "Nitakulipa", "wamemkopesha", "tunawadai", yote hivyo hivyo. Anayefanya kazi hii kwa Kiswahili hana haja ya kukariri maelfu ya maneno kama wenzetu, atakariri viambishi, ambavyo tayari anavitumia tangu utotoni.

Kazi ngumu itabaki mahali pa kuunganisha na kutenganisha. Mbonyezo wa "si" ukifuatwa na "mama", je, kompyuta iandike "simama" au "si mama"? Mwenyekiti akisema "si mama huyu aliyechukua mkopo" na kwenye skrini ikatokea "simama huyu aliyechukua mkopo", umepotea. Kwa hiyo kamusi lazima iwe na "si" mbili: moja inayoshikana na neno linalofuata na nyingine inayosimama peke yake, kila moja na mbonyezo wake. Vivyo hivyo kwa "ni", "na", "wa" na "ku". Hii ni kazi ya kuketi na karatasi miezi mingi, ukijaribu na kurudia, na anayeifaa ni mtu kama mpwa wako. Hatimkato ya kalamu, iliyoanzia kwa Isaac Pitman Uingereza mwaka 1837, imemfundisha kitu kigumu kuliko vyote: kuandika sauti na kusahau tahajia, huku sikio likiwa maneno kadhaa mbele ya mkono.

Akitaka kujaribu, hana haja ya kununua mashine ya kitaalamu, ambayo huuzwa kwa maelfu ya dola. Ipo programu ya bure iitwayo Plover, iliyoanzishwa na Mirabai Knight, mwandishi wa New York ambaye kazi yake ni kuwaandikia viziwi, pamoja na Josh Lifton. Inageuza kibodi ya kawaida kuwa mashine ya hatimkato, na inamruhusu mtu kuweka kamusi yake na mpangilio wake wa vitufe. Wapo waliokwisha kuitengenezea mfumo wa Kiitaliano na wa Kikorea. Tahadhari moja: kibodi nyingi, hasa za kompyuta mpakato, hazipokei vitufe vingi kwa mpigo. Afungue ukurasa mtupu, abonyeze A, S, D, F, J, K na L kwa wakati mmoja. Zikitokea zote saba, kwa mpangilio wowote, ni dalili nzuri. Zikitokea nne au tano, atafute kibodi nyingine ya kuchomeka, ile ya wacheza gemu. Ajipe mwaka mmoja hadi miwili. Marekani kwenyewe, penye vyuo na walimu na kamusi zilizo tayari, watu husoma miaka miwili, mitatu na zaidi, na wengi huishia njiani. Ila soko lipo: tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na penye maneno mengi ya kuandikwa panahitajika watu wa kuyaandika.

Kikao chenu hakiwezi kusubiri hayo yote. Cha kufanya sasa ni kibodi na vifupisho.

Hesabu yake ni hii. Mtu akizungumza kawaida hutoa silabi kama tano kwa sekunde, na silabi ya Kiswahili ni herufi mbili hivi, kwa hiyo kumfuata neno kwa neno kunataka herufi kumi au zaidi kila sekunde. Mchapaji mzuri wa maneno 60 kwa dakika hutoa tano. Atashika nusu. Nusu ya pili lazima ifidiwe kwa njia mbili: vifupisho, na akili ya kujua nini kiachwe. Kule Rochester, Marekani, taasisi ya elimu ya viziwi ilibuni njia yake ya namna hii, inaitwa C-Print, kwa ajili ya wanafunzi darasani. Mwandishi ana kompyuta ya kawaida, anachapa kwa mkato, kompyuta inarefusha, na anachokilenga ni maana yote badala ya kila neno.

Kwa mpwa wako, programu yoyote ya kuandikia yenye sehemu ya kusahihisha maneno yenyewe inatosha. Anaiambia kwamba "mwk" ni mwenyekiti, "wjb" ni ndugu wajumbe, "rjs" ni marejesho, "mkp" ni mkopo, "kyb" ni kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), "bnd" ni mabondo (vibofu vya ndani ya samaki). Kifupisho kisiwe neno lililopo. Akiweka "wa" au "si" kama kifupisho atajinyonga mwenyewe. Na maneno yenyewe ayatoe kwenu. Aje Mwaloni asubuhi, akae kwenye meza yako, asikilize majina ya bidhaa, ya wateja, ya visiwa mizigo inakotoka, Ukerewe, Ukara, Kome, Goziba. Majina ya wanachama yote yawe na kifupisho kabla ya kikao, hasa yale ya Kisukuma yenye ng' ndani yake, maana hayo ndiyo humfanya mchapaji asimame. Orodha ya maneno mia mbili iliyotoka katika vikao vyenu itamsaidia kuliko kamusi kubwa ya mtu mwingine.

Sasa nini kiachwe. Aache "eeh", "yaani", na sentensi iliyoanzwa mara tatu. Asiache ubishi. Asiache aliyesema nani: kila anayeanza kuongea, jina lake kwanza, kisha nukta pacha. Asiache kicheko, watu wakicheka, aandike wamecheka nini. Kuketi katikati ya watu wanaocheka bila kujua sababu ni upweke mbaya, na mwandishi akiuona kama jambo dogo atakuwa hajaielewa kazi yake. Zaidi ya yote, asikuandikie "wamekubaliana" wakati ulipaswa kusoma nani alipinga na kwa nini, halafu uamue mwenyewe unakubali au la. Jirani yako wa daftari anakusaidia kwa moyo, simlaumu, lakini muhtasari wa baada ya jambo hukufikia wakati kura imeshapigwa.

Wewe ni mweka hazina, basi niseme la fedha peke yake. Tarakimu ziandikwe kwa tarakimu: 15,000, si "elfu kumi na tano", kwa sababu ni fupi na jicho linaiona haraka. Asiposikia vizuri kama ni kumi na tano au hamsini, aweke alama ya kuuliza pale pale, ainue mkono, amuulize msemaji. Aibu ya kumkatiza mtu ni ndogo.

Kikao kikizidi nusu saa mtu mmoja atachoka, na akichoka huanza kuacha vitu bila kujua. Tafuta binti au kijana wa pili wapokezane kila dakika kumi na tano hivi.

Kuhusu simu: usiitupe, lakini usiiamini kwenye kikao. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatoa programu ya Live Transcribe, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichoko Washington. Kwa mazungumzo ya watu wawili inafaa sana. Mteja akija mezani, mpe simu aseme karibu na kipaza sauti, utasoma bei anayoitaka. Kikaoni mambo hubadilika. Watu wanasema wawili wawili, maroli yanashusha mizigo nje, upepo wa ziwa unapiga mabati, mwingine anachanganya Kiswahili na Kisukuma katika sentensi moja. Wasukuma wengi, na wengine wetu wa Kanda ya Ziwa, tunabadilishana l na r tunapoongea. Binadamu aliyezaliwa hapa anajua bila kufikiri kama mtu amesema "kura" au "kula", simu huandika ilichosikia. Tena huandika kosa kwa maandishi safi yale yale inayoandikia yaliyo sahihi, kwa hiyo huwezi kujua uyatilie shaka wapi. Na mara nyingi sauti husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni mbali huko. Kikao cha madeni ya watu kisisafirishwe bila wenyewe kuulizwa.

Inafaa kama msaidizi wa mpwa: simu mezani mbele ya mwenyekiti, mpwa anaitazama kwa jicho moja akipitwa na neno. Si zaidi ya hapo kwa sasa.

Mpangilio wa chumba ni rahisi. Kaa mahali ambapo skrini na uso wa mwenyekiti viko upande mmoja, ili usigeuze shingo kutwa. Maandishi yawe makubwa, mistari minane au kumi tu kwenye skrini, meupe juu ya weusi ikiwa chumba kina giza, meusi juu ya weupe ikiwa kuna jua. Kompyuta iwe imechajiwa usiku, umeme msiutegemee. Mwenyekiti aruhusu mtu mmoja mmoja kusema, na akiuliza swali asubiri kidogo kabla ya kuhesabu mikono, kwa sababu maandishi huwa nyuma ya mdomo kwa sekunde kadhaa na wewe lazima upate muda wa kuinua wako.

Mwenyekiti akisita, mwambie kwamba huombi hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 2 kinataja maandishi ya kuonyeshwa kuwa njia mojawapo ya mawasiliano. Tunayo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kikundi kikubali kumlipa mpwa posho, kama kinavyomlipa katibu. Kazi hii huchosha mkono na kichwa, na anayeifanya bure ataifanya mara mbili, ya tatu atakuwa na dharura.

Jambo moja mkubaliane kabla hajafungua kompyuta: faili lile ni la nani baada ya kikao? Si muhtasari rasmi, kwa sababu lina makosa ya haraka na lina maneno ambayo watu waliyasema kwa hasira. Mimi ningeshauri likae kwako mpaka katibu amalize muhtasari wake na wewe umeulinganisha, hasa zile tarakimu, halafu lifutwe mbele ya mwenyekiti. Wanachama waambiwe hivyo wazi siku ya kwanza, la sivyo kuna watakaokaa kimya kwa kuogopa skrini, na hao hao ndio wenye ya kusema kuhusu mikopo.